Deraya Ndani ya Kabati la Vikombe

Mume wangu alikuwa mtu mzima, dereva wa lori la saruji, baba wa watoto watatu, na akirudi nyumbani alicheza na magari ya plastiki. Ndivyo nilivyowaambia mashoga zangu hapa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, nao walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alinuna. "Sichezi," alisema. "Ninaunda."

Kusema kweli alikuwa anaunda. Vitu hivyo alivinunua Nairobi vikiwa kwenye boksi, vipande vidogo vidogo vya plastiki vilivyoshikana kwenye vijiti vya plastiki hiyohiyo. Boksi alilitupa hukohuko Kenya, kwa sababu mfuniko wake ulikuwa na picha ya kifaru kinachofyatua mzinga, na forodha ya Busia siku zile za utawala wa jeshi ilikuwa na wanajeshi wengi kuliko makarani. Vipande alivichanganya na vipuri vya redio. Akiulizwa, alijibu ni vitu vya watoto, na kwa hilo sikuona kama amesema uongo mkubwa.

Nyumbani alivikata kwa wembe, akavisugua kwa tupa yangu ya kucha, akavigandisha kwa gundi iliyonuka nyumba nzima. Kijiti kilichobaki alikipasha juu ya mshumaa akakivuta taratibu mpaka kikawa uzi mwembamba, na uzi huo ukawa waya wa redio wa deraya, lile gari la chuma la jeshi. Karatasi za namba za kubandika aliziloweka kwenye kisahani changu cha chai. Vilivyokamilika alivipanga katika kabati la vioo, mbele ya vikombe vyangu vya harusi. Tulikuwa na vifaru viwili na deraya moja la magurudumu sita.

Deraya hilo ndilo lililotuponza. Ya kweli, ya aina ileile, yalipita barabarani kila mara yakienda kambini, na yakipita watu walitazama chini. Wauza nyanya walitazama nyanya zao. Mume wangu alitazama juu. Aliona kwamba lake lina namba za Ulaya na rangi isiyo ya kwetu, akakosa raha kabisa. Watu wa kazi hiyo ndivyo walivyo, hawapati usingizi kwa kosa ambalo hakuna mwingine analiona. Akaanza kukaa kwenye hoteli ya chai iliyoelekea barabara. Akachagua deraya moja, akaandika nyuma ya pakiti ya sigara: namba yake, taa ya nyuma isiyokuwepo, madigadi ya kulia iliyobonyea.

Pakiti hiyo niliikuta mfukoni nilipokuwa nafua. Niliziacha nguo kwenye beseni. Siku zile mtu aliingizwa kwenye buti ya gari kwa kosa dogo kuliko hilo, na mkewe akabaki akizunguka na picha yake mkononi.

"Baba watoto, unataka tukufe?" nilimwuliza.

"Nani ataona? Iko ndani ya kabati."

"Si mimi nimeona?"

"Wewe si jeshi," alisema, akaendelea kubonyeza madigadi ya deraya lake kwa sindano ya moto, namba ya kweli ameshaichora ubavuni. Tope alilitengeneza kwa vumbi la saruji na udongo mwekundu wa barabarani. Lilipokauka, nakiri, deraya lilipendeza sana. Nililichukia kwa jinsi lilivyopendeza.

Mchana wa Idd nyumba ilijaa. Kwetu siku hiyo mlango haufungwi, anayepita anakaribishwa pilau. Jirani mmoja alikuja na mgeni, sajini wa jeshi, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi na meno mazuri. Wageni walitazama sahani zao. Mimi nilikumbuka kwamba asubuhi nilikuwa nimefuta vioo vya kabati mpaka vikang'aa, mjinga mimi.

Sajini alikula vizuri, akanawa, akainuka kunyoosha miguu. Akasimama mbele ya kabati. Akalifungua mwenyewe.

"Hii gari yangu," akasema.

Mume wangu aliweka sahani chini.

"Mimi dereva ya hii gari! Angalia, hii mahali mimi naligonga mti. Hata taa hakuna!" Aligeuka, uso wake umejaa furaha. "Nani natengeneza?"

"Mimi, afande," alisema mume wangu. Sauti yake sikuitambua.

"Wewe fundi kweli. Mimi napeleka kambini, naonyesha bosi. Halafu napa mtoto yangu."

Nani angemwambia hapana? Aliondoka amelishika kiganjani kama yai. "Asante kwa pilau, mama," aliniambia. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Angelipeleka kwa bosi kwa moyo mweupe, na bosi angesoma namba.

Kabla ya alasiri mume wangu alikuwa kwenye lori la mwenzake kuelekea Busia, na nguo alizovaa tu. Huko alipita njia za panya katikati ya mihogo, akaingia kwa shangazi yake upande wa Kenya. Mimi nilichoma ile pakiti ya sigara, kisha nikavitia vifaru viwili kwenye jiko la makaa. Moshi ulikuwa mweusi, na jirani alipouliza nilimwambia nimeunguza sufuria. Vikombe nikavisogeza mbele. Nikakaa kuwangoja wanajeshi.

Hawakuja. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilinipeleka dirishani, halafu likaenda zake. Wiki moja ikapita, wiki mbili. Nilianza kudhani bosi alicheka tu, na nikamkasirikia mume wangu kwa kukimbia bure.

Wiki ya tatu, asubuhi, mwanamke alipiga hodi, mtoto mgongoni.

"Mama, mimi natafuta bwana yangu. Yeye sajini. Yeye nasema siku ya Idd nakula pilau nyumba ya dereva ya saruji."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Walimchukua siku ya pili yake. Bosi aliuliza nani amempa raia namba ya gari la jeshi, na nani ametengeneza kitu hicho. Askari mwenzake alikuwepo, na ndiye aliyemweleza yule mama jibu la mumewe.

"Yeye nasema, natengeneza mimi mwenyewe. Mama, bwana yangu hawezi hata kushona kifungo."

Labda alijisifu tu kabla hajajua anaulizwa nini. Labda alijua. Nimeligeuza jambo hilo miaka mingi na bado sijui.

"Kama iko mtu nalitengeneza," alisema, "aende aseme. Labda nafungulia bwana yangu."

Mume wangu alikuwa hai, ng'ambo ya mpaka, anakula ugali wa shangazi yake. Nilikuwa na watoto watatu nyuma ya mlango.

"Bwana yako simjui," nilisema. "Siku ya Idd wanapita watu wengi."

Alitazama kabati juu ya bega langu. Palikuwa na vikombe tu. Akakaza kanga ya mtoto.

"Haya, mama. Asante."

Nilifunga mlango. Nilimsikia akipiga hodi nyumba ya pili.