Balozi na Chumba cha Kompyuta

Binti wa fundi cherehani alikuwa na miaka kumi na sita na mdomo usiolala, na ndiyo maana wenzake walimchagua kuwa balozi wa vijana kwenye kituo cha mtaani kwao. Walimtuma jambo moja tu: chumba cha kompyuta kifunguliwe. Kompyuta zilikuwa zimeletwa na wafadhili, zikafunikwa plastiki, mlango ukatiwa kufuli, eti zisiharibike.

Kumbe ubalozi wenyewe ulikuwa kupanga viti, kugawa maji ya chupa na kutabasamu mlangoni, amevaa fulana ya manjano. Kila alipogusia habari za chumba, mratibu wa kituo alimjibu, "Tunalifanyia kazi, mwanangu." Wenzake nao wakaanza kumsema. "Mheshimiwa, fulana imekulewesha?"

Siku ya wageni kutoka kwa wafadhili, mratibu alifungua chumba mwenyewe, akafuta vumbi. "Waketishe wenzako kwenye kompyuta. Mkiulizwa, mnajifunza kila siku."

Akawaketisha, roho ikimuuma. Mgeni, mama mmoja mwenye miwani, akamwinamia. "Mnajifunza nini hapa, binti?"

"Hatujifunzi kitu, mama. Chumba hiki kinafunguliwa mkija nyinyi tu."

Mara mratibu akaangua kicheko. "Huyu ndiye mchekeshaji wetu!" Mgeni naye akacheka, akampigapiga bega, picha zikapigwa.

Jioni binti alimkuta mama yake cherehanini. "Afadhali wangenifukuza, mama! Nimesema kweli, wamecheka!"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Sasa mimi unaniambia ili iweje? Kamwambie huyo mratibu wenu, asipokuwa na wageni wa kucheka nao."

Kesho yake yeye na wenzake walikaa sakafuni mbele ya mlango ule. Mratibu akafoka, akabembeleza, akatishia kumvua ubalozi.

"Nivue," alisema, akamkabidhi fulana.

Wazazi walipoanza kuchungulia, mratibu akalegea. Akakubali: Jumamosi asubuhi, kompyuta mbili, basi.

Jumamosi mlinzi aliwafungulia. Wakaziwasha, zote mbili zikadai neno la siri. Hakuna aliyelijua. Simu ya mratibu ilikuwa haipatikani. Wenzake wakamtazama yeye, kana kwamba ndiye aliyelificha. Alivuta kiti, akajaribu jina la kituo, la mtaa, la mratibu mwenyewe. Zikakataa. Machozi ya hasira yalimlenga, akayafuta kwa kiganja.

"Jumatatu tunarudi sakafuni," aliwaambia. "Na mje na wazazi."