Fundi Rangi na Mashine ya Kusagia

Kwa miaka thelathini na minane ya ndoa, Mzee Brashi hakuwahi kuchemsha hata maji ya chai. Fundi rangi huyo, ambaye watu walikwisha kusahau jina alilopewa na wazazi wake, alikuwa mtu wa kuletewa. Alirudi kazini, akanawa, akakaa, sahani ikaja. Tonge la kwanza lilikuwa la hukumu. Likimpendeza alikula kimya. Lisipompendeza aliisukuma sahani kwa kidole kimoja, akasema, "Rudisha." Na mkewe alirudisha. Kuna siku alirudisha mara tatu, na wageni wamekaa sebuleni wanajitia kuangalia dari.

Nayasema haya mapema ili usimwonee huruma kichwakichwa. Huruma utamwonea tu, hilo najua, lakini angalau ujue unamwonea nani.

Kiharusi kilimpata mkewe asubuhi, ungo wa mchele mapajani. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali hakuwa anasema neno, wala hakuweza kutafuna. Muuguzi aliyepita nyumbani kila Jumatano alieleza kinagaubaga kwamba chakula chake kisagwe hadi kilainike, kisibaki na punje wala uzi, la sivyo kitampalia. Tena ale vizuri aongezeke uzito, maana alikuwa amebaki mifupa na ngozi.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mwalimu wa shule katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa gari. Alikuja akitaka kumchukua mama yake siku hiyohiyo. Chumba kipo, akasema, na mtu wa kumsaidia yupo. Mzee Brashi akapandisha mori. Mke ni wake, nyumba ni yake, atamtunza mwenyewe, na asifundishwe kazi na mtoto aliyembeba mgongoni. Wakavutana mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri. Mwisho binti akakata shauri.

"Baba, nakupa miezi miwili. Mama akizidi kukonda, namchukua bila kuuliza mtu. Akipata nguvu ya kusema, tutamuuliza yeye mwenyewe, na atakalosema ndilo hilo."

Mzee akakubali chapuchapu. Jibu la mkewe alishalijua, au ndivyo alivyojidanganya. Mwanamke wa ndoa ya miaka thelathini na minane aende wapi? Kazi iliyobaki ni kumlisha tu. Na alikuwa na hofu, ingawa hakuitamka kwa mtu. Aliogopa kuamka asubuhi katika nyumba ile asisikie mtu akikohoa chumba cha pili.

Kesho yake akaenda duka la vyombo vya umeme, akarudi na mashine ndogo ya kusagia chakula. Ilikuwa na kibakuli cha plastiki, visu viwili vilivyopinda, mfuniko na kitufe kimoja, basi. Lakini ilimtoa jasho. Mfuniko wa mashine zile usipozungushwa ukaingia kwenye pengo lake, mashine haingurumi hata uibonyeze kwa goti. Mzee Brashi aliibonyeza, akaitikisa, akaitukana, akairudisha kwenye boksi aipeleke dukani kwamba ni mbovu. Mama fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, ndiye aliyeuzungusha mfuniko kwa vidole viwili, mashine ikanguruma. Akamtazama mzee, akaenda zake.

Sasa hapo ndipo ufundi wa mzee ulipomponza. Kwa fundi rangi, rangi nzuri ni ile isiyo na donge, rangi moja kutoka juu ya debe mpaka chini. Hivyo ndivyo alivyofunzwa, na hivyo ndivyo alivyopaka nusu ya kuta za mtaa ule. Basi alichemsha wali, maharage, karoti, mboga za majani na nyama, akavitia vyote kwenye kibakuli kimoja, akamimina maji, akakandamiza kitufe hadi mlio ukabadilika. Akachuja kwa kitambaa, kama achujavyo rangi. Akainua kijiko juu kuangalia inavyodondoka. Hakuna donge! Wali uliosagwa kupita kiasi ulikuwa umegeuka gundi, naye akaona ndiyo vizuri, ina mshiko. Rangi yenyewe ilikuwa kijivu cha ukijani, ile ya ukuta wa zahanati.

Mkewe alipokea kijiko cha kwanza, akafunga mdomo.

Mzee akabembeleza. Akafoka, akabembeleza tena. Asubuhi, mchana, jioni, uji ule wa kijivu ulimtiririka mgonjwa kidevuni ukaishia kwenye khanga. Jumatano ya kwanza mizani ilisema kilo arobaini na moja. Jumatano ya tatu ikasema thelathini na tisa, na muuguzi akasema ikishuka tena atampigia binti simu. Mzee alipita akiwaambia majirani kwamba mama watoto amekata tamaa na dunia, ugonjwa umempanda kichwani. Wakamwitikia pole, pole sana.

Siku moja mchana njaa ilimbana. Mambo ya kumlisha mkewe yalikuwa yamemfanya asahau kujipikia mwenyewe. Mgonjwa alikuwa amefunga mdomo kama kawaida na bakuli limejaa, basi mzee akaona heri ale yeye kuliko kumwaga. Akachota kijiko akatia mdomoni.

Alitema kwenye sinki, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Majuma matatu! Majuma matatu mtu yule, bingwa wa tonge la kwanza, alikuwa hajaonja hata mara moja alichompa mkewe. Ndiyo, fundi rangi haonji rangi yake. Lakini hiki kilikuwa chakula, na aliyelishwa alikuwa mpishi. Mkono wa kusukumia sahani ulikuwa umepooza, yule mama alibakiwa na meno, na kwa meno hayo alikuwa anamwambia mumewe neno lilelile alilolisikia ujana wake wote. Mzee Brashi aliona haya. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akaona haya peke yake, na hapakuwa na wa kumtupia lawama.

Kuanzia hapo alifunga kibwebwe. Kila kitu alikisaga peke yake. Karoti kwa supu kidogo. Nyama kwa mchuzi wake mwenyewe, bonyeza achia, bonyeza achia, ikiwa bado ya moto. Mboga za majani mwisho. Wali hakuusaga tena, aliupika ukarojeka akauponda kwa uma. Kati ya kimoja na kingine alikiosha kibakuli na visu, na visu vilimchana kidole gumba mara mbili. Alijua kwamba kitunguu kinataka mibonyezo miwili, ukiongeza wa tatu unapata maji. Alikaanga kitunguu, nyanya na kitunguu saumu, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena.

Alipompelekea mkewe sahani ya kwanza, rangi tatu kila moja mahali pake, mama yule aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua mdomo.

Kuna asubuhi, kitunguu kikiwa ndani ya mashine, kilimjia kitu alichokuwa amekisahau kabisa. Miaka kumi nyuma walikuwa wakipita mbele ya duka, mkewe amefunga bandeji kwenye kifundo cha mkono kilichokuwa kinamuuma kwa kukatakata na kutwanga. Alisimama akaonyesha kimashine kama kile dirishani. Mumewe akamuuliza, mikono anayo ya nini. Wakaendelea na safari yao, naye hakukitaja tena. Mzee Brashi aliondoa kidole kwenye kitufe, akasimama hapo hadi macho yakaacha kuwasha. Alikisingizia kitunguu, nacho kilikuwa kimefunikwa ndani ya plastiki.

Kilo zikapanda. Arobaini na mbili, arobaini na tano. Mgonjwa akaanza kukaa kitako, akaanza kutoa sauti, kisha silabi. Muuguzi alimsifu mzee mbele ya watu, mzee akavimba kichwa. Akajitapa kwa mama fundi cherehani kwamba sasa hata yeye aje kujifunza. Akaanza kupanga kupaka upya chumba cha mgonjwa, akamletea vipande viwili vya ubao vilivyopakwa rangi achague. Mkewe hakuvitazama. Alimtazama yeye. Mzee akaona ni mapenzi yamerudi, akatoka akipiga mluzi.

Miezi miwili ilipotimia binti alifika na gari la kukodi. Mzee aliandaa chakula cha mchana mwenyewe, na taulo begani. Binti alionja kwenye sahani ya mama yake, akaacha kijiko hewani, akauliza kama kweli baba ndiye aliyepika. Nani mwingine, akajibu mzee, na moyo wake ulikuwa umejaa. Basi binti akakaa kitandani, akashika mkono wa mama yake ulio mzima, akamuuliza taratibu kama anataka kubaki hapa na baba au waende wao wawili. Mzee alisimama mlangoni, tabasamu tayari.

"Twende," akasema mama.

Mzee alicheka kidogo. Alimwambia binti kwamba mama bado anachanganya maneno, amuulize upya. Binti hakuuliza. Ndipo mzee alipoingia, akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima yule, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Mama watoto, si nakupikia? Huoni ninavyokupikia?"

Mkewe alimgeukia. Maneno yalitoka moja moja, kwa nguvu ambayo mumewe mwenyewe alikuwa ameitia mle ndani kijiko kwa kijiko.

"Naona," akasema. "Umechelewa."

Binti akainuka, akaanza kukunja nguo za mama yake, akimpa baba mgongo ili asimwangalie. Mzee Brashi alirudi jikoni. Akaweka karoti kwenye kibakuli, akafunga mfuniko, akabonyeza. Alipomaliza akazitia kwenye kopo, akaosha visu, akaanza na nyama. Safari ilikuwa ya saa sita, na njiani hapakuwa na mtu wa kumsagia.