Wezi Tuliowashangilia Mikelenge

Enzi zetu hapa Kindu, picha haikutazamwa na kila mtu kivyake, nyaya masikioni. Tulibanana sebuleni kwa jirani yetu wa mtaa wa Mikelenge, mwenye televisheni na jenereta, chumba kizima kikinuka jasho na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na vita vimefunga njia zote za magari. Tulikuwa pia na mfasiri. Jamaa hakujua hata neno moja la lugha ya picha zile, lakini alitufasiria tangu mwanzo mpaka mwisho, nasi tulimwamini kuliko mwalimu.

Siku moja ilikuwa picha ya makauboi. Familia ya wageni kutoka ng'ambo ilisafiri kwa gari la ng'ombe kutafuta mashamba. Wezi wakawavamia, wakachukua kila kitu. Mfasiri wetu akawatia wageni maneno ya kijinga mdomoni, na wezi, kwa vile walikuwa na farasi na kofia nzuri, akawaita wakubwa. Tukawashangilia wezi mpaka sauti zikakauka.

Kumbe nyuma alikuwa amekaa shangazi yangu, aliyefika majuzi tu kwa miguu kutoka Pangi. Akasimama, akaiziba televisheni kwa mwili wake.

"Munacheka nani? Hawa benye kulia njo siye," alisema. "Nilitoka Pangi na cherehani ku kichwa. Ku barrière ya njiani, benye bunduki bakaikamata. Nikafika hapa na kichwa tu."

Cherehani ile ndiyo iliyowalisha wanawe. Shangazi akarudi kuketi. Tukatazama wezi wakikamatwa na wageni wakirudishiwa mali yao.

Siku hizi wanangu wanaitazama picha ileile kwenye simu, wakiruka maongezi ili wafike upesi kwenye bunduki. Juzi nilipowasimulia kisa hiki, mdogo wao aliniuliza kama shangazi naye alirudishiwa cherehani yake. Hakurudishiwa, na aliyeichukua tunamjua. Mkubwa wa kizuizi kile leo ni mheshimiwa papa hapa mjini, na kwenye sherehe anawekewa kiti cha mbele. Sisi tuliwashangilia wezi tukiwa watoto. Leo ni watu wazima wanaowapigia makofi!

Ijumaa iliyopita nilikuwa nikimsindikiza shangazi sokoni. Amezeeka, na bado anashona kwa mkono. Gari la mheshimiwa likapunguza mwendo, akashusha kioo, akatupungia. Mimi nikaikaza mikono yangu mifukoni.

"Mujibu, baba," shangazi alininong'oneza. "Mutu kama ule hapana kumukasirisha."

Nikampungia.