Dawa ya Mbwa Si ya Paka

Shangazi yangu anauza dawa za mifugo, na akiwa kaunta usimjibu ovyo. Humfokea mteja hata kabla hajakosea. "Mbwa ana uzito gani? Hujui? Basi karudi umpime!" Wengine humwita Mama Kupe, eti akikung'ang'ania hakuachii. Mimi namtetea. Watu wanaudhi! Mmoja anampaka mbwa mafuta ya taa, mwingine anasubiri mpaka masikio ya mnyama yajae kupe ndipo aje mbio kudai dawa kali.

Akiuza ile chupa ndogo ya matone ya kuua kupe, husema maneno yale yale: "Yote mgongoni, katikati ya mabega. Paka asiguswe kabisa. Dawa hii ya mbwa inaua paka." Kisha humtaka mteja arudie kama mtoto wa chekechea. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, aliyarudia huku akicheka siku alipochukua dawa ya mbwa wetu.

Lakini nyumbani kwetu mwenye amri ni Bibi, mama yao, na amri yake ni moja: hakuna kitu kinachoingia humu kikaliwa na mmoja. Chungwa moja hukatwa likatosha watu saba. Baba na Shangazi walipokuwa watoto, mmoja akiwa na minyoo, kidonge kilikatwa vipande na kila mtoto akameza chake, na minyoo ikabaki palepale. Shangazi husema ndiyo maana akaishia kuuza dawa.

Asubuhi ya pili baada ya Baba kuleta dawa ile, paka wa Bibi alianza kutetemeka. Bibi haoni vizuri siku hizi, na tangu Babu afariki paka huyo ndiye anayelala miguuni pake. Baba akamnywesha maziwa, kama kwamba maziwa yanatibu kila sumu duniani. Mimi nikampigia simu Shangazi, naye akaja mbio, duka kaliacha wazi na mteja ndani.

Aliinama akamnusa paka shingoni.

"Nani kampaka dawa?"

Baba akatazama sakafu. "Tuligawa. Mbwa nusu, paka nusu."

"Nilikwambia nini? Eti wewe, nilikwambia nini? Kweli sikio la kufa halisikii dawa!"

Alimwosha paka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mikono ikienda na mdomo ukienda. Alimpasha kaka yake hata ya utotoni. Mtu mzima, ndevu zote hizo, anashindwa kushika maneno mawili! Baba, ambaye siku zote hakosi la kujibu, alikaa kimya. Ukimya ule ulinipandisha hasira. Nilimwona mpumbavu, baba yangu mzazi, na hata sasa sioni haya kusema hivyo.

Tukamfunga paka kwenye taulo, tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alikufa mezani kwake, sindano ikiwa bado inaandaliwa.

Tuliporudi, mbwa alikuwa mlangoni anajikuna vilevile, maana nusu dozi haikumsaidia kitu. Bibi alikuwa kitandani, mkono wake ukipapasa mahali paka anapolala. Shangazi akaketi, akamshika mikono yote miwili ili amwambie. Akaviinua vidole vya mama yake puani, akavinusa.

"Nilimpaka mimi," Bibi akasema. "Kaka yako alikataa. Nikamwambia anibakizie tu hiyo chupa. Mbwa apate, paka akose? Kwani yeye si wa humu?"

Shangazi akamgeukia Baba. Baba bado alikuwa anatazama sakafu. Matusi yote Shangazi alikuwa ameshayamaliza kwa mtu asiyestahili.

Akaleta beseni na ile ile sabuni ya vyombo, akaanza kumwosha mama yake mikono, kidole baada ya kidole, akisugua kwa nguvu.

"Unaniumiza, mwanangu."

"Najua, Mama," akajibu, na hakuacha kusugua.