Kaburi la Mwegea

Nilipokuwa mtoto kule Bugwema, nyumbani kwetu palikuwa na kaburi lililozikwa tunda. Halikuwa siri. Kila mtoto wa mji ule alijua kwamba upande wa kulia wa nyumba ya Babu, chini ya mawe yaliyopangwa vizuri, amelala baba yake Babu, na kwamba huyo baba yake Babu ni tunda la mwegea, lile refu na zito ambalo likimwangukia mtu linaweza kumtoa roho. Ukikalia yale mawe ulichapwa sawasawa na aliyemkalia mkubwa wake.

Sisi ni Wajaluo, wachache katikati ya Wajita. Kwetu, mtu akifia mahali pasipojulikana hawezi kuachwa hivihivi. Huzikwa tunda la mwegea badala yake, kwa kilio kamili, na watu wakatawanyika wakijua wamemaliza. Baba yake Babu alichukuliwa na Mjerumani wakati wa vita vyake na Mwingereza, akaacha mke mjamzito. Waliorudi walisema amebaki kwenye mapigano ya kilimani, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwetu, lakini waliokufa pale walifukiwa pamoja harakaharaka na hakuna aliyeweza kusema yupi yuko wapi. Ndugu zake wakatafuta mwegea. Babu alizaliwa baada ya hapo, na baba pekee aliyepata kumjua ni lile rundo la mawe.

Alikuwa mtu mkimya, mzee wa kanisa, mwenye pengo la meno sita ya chini yaliyong'olewa ujanani, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa rika lake. Sidhani kama alikuwa mtu wa huzuni. Ila akiwa na jambo zito alikwenda kwenye yale mawe, akasimama, akasimama tu, halafu akarudi kunywa uji wake.

Mwaka walipokuja watu wa makaburi ulikuwa wa shida. Sabuni ilikuwa hadithi, sukari tuliiona harusini, na zahanati ilikuwa na mganga lakini haikuwa na dawa. Katika hali hiyo likaingia Land Rover lenye Mzungu mmoja mzee, afisa utamaduni kutoka Musoma ambaye sote tulimwita Bwana Utamaduni, na mifuko ya simenti. Walisema wanatafuta makaburi ya askari waliokufa katika vita vile, wayaandike na kuyajengea. Shule yetu ilikuwa na sakafu ya vumbi, kwa hiyo simenti ilizungumzwa kuliko wageni wenyewe. Kufikia jioni wazee kadhaa walikuwa wamekumbuka kwamba babu zao nao walikuwa askari, na mmoja akampeleka Mzungu kwenye kaburi la shangazi yake.

Babu hakuwa na kaburi la kuonyesha, maana tunda si askari. Aliitwa tu kama mzee anayekijua kilima. Kule juu mvua ilikuwa imechimba korongo kando ya mawe walipofukiwa askari, na mifupa ilikuwa nje. Baba yangu, aliyefuatana naye, ndiye aliyenisimulia. Miongoni mwa mifupa palikuwa na taya lisilo na meno ya mbele ya chini. Hayakuwa yamevunjika, mfupa ulikuwa umeziba kabisa, kama unavyoziba kwa mtu aliyeng'olewa tangu ujana. Vijana waliochukuliwa pamoja na baba yake Babu walikuwa Wajita, ambao hawang'oi. Kwa jinsi wazee walivyosimulia, Mjaluo katika kundi lile alikuwa mmoja. Babu alichuchumaa mbele ya lile taya kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Huyu ni wa kwetu."

Akaomba apewe akamzike nyumbani. Bwana Utamaduni alisema ataulizia Musoma, na kwamba yeye binafsi haoni tatizo. Kwa mtu wa ofisi hayo ni maneno ya kuagana. Babu aliyachukua kuwa ni ndiyo.

Mtu hawezi kuwa na makaburi mawili, kwa hiyo ilibidi tunda litoke ndipo mwenyewe aingie. Bibi, mke wa Babu, hilo hakulipinga. Alichopinga ni haraka. Alisema kaburi lisiguswe mpaka mifupa iwe imefika uani, kwa sababu kaburi likifunguliwa na kukaa tupu hujitafutia mtu wa kulala ndani yake. Ndiyo maana watu hulinda shimo wakati wa kungoja mazishi. Hata wanaojifanya hawaamini hukaa pale na kahawa yao. Lakini Babu hakumsikiliza. Alikuwa anakaribia miaka sabini, na alikuwa akimngoja baba yake kama mtoto anavyongoja mgeni wa sikukuu. Asubuhi ya siku ambayo Land Rover lilitarajiwa, Baba na baba zangu wadogo waliondoa mawe, wakachimba. Tunda halikuonekana. Walikuta udongo mweusi kidogo, na Babu akauchota kwa mikono yake akaupeleka kando.

Siku hiyohiyo mimi nilishikwa na homa. Nakumbuka mkeka, kivuli cha ukuta, na majembe yaliyokuwa yakipiga ndani ya kichwa changu.

Mchana Land Rover likaja. Bwana Utamaduni alishuka, akaliona shimo, akavua kofia. Jibu lilikuwa hapana. Askari wanabaki walipoangukia, pamoja na wenzao, ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa hao waliomtuma Mzungu. Nadhani aliona aibu, kwa sababu aliongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: Babu akithibitisha mbele ya mashahidi kwamba yule ni baba yake, jina litaandikwa kwenye simenti. Wengine wote kule kilimani hawakuwa na majina. Huyu angekuwa nalo.

Baba anasema hajawahi kuuona uso wa Babu uking'aa vile. Alilitamka jina la baba yake polepole, akalirudia, ili Bwana Utamaduni asikosee. Wakapatana kwamba kesho yake asubuhi atapanda kilimani na mashahidi wawili.

Jioni nilianza kuongea ovyo kwa homa. Baba alichukua baiskeli akaelekea Musoma, kwa binamu yake nesi aliyeishi Makoko, kutafuta klorokwini, dawa ya malaria. Bibi alikaa nami akinipangusa kwa kitambaa cha maji. Babu alikaa mlangoni, chakula chake kikipoa.

"Kaburi iko wazi na mtoto anaungua," Bibi alisema. "Mimi nilisema."

Babu aliuliza kama haiwezekani kulifukia tu.

"Ufukie hewa? Hiyo imeshafunguliwa, inataka mtu."

"Basi tuweke mwegea tena."

"Mwegea inakuwaga ya mtu amepotea. Wewe kesho unaenda kuapa kwamba umempata. Sasa utazika mwegea ya nani?"

Nilikuwa nimefumba macho, na wakubwa huamini kwamba mtoto aliyefumba macho hasikii. Niliisikia sahani ya Babu ikisukumwa kando. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Na nikisema si yeye?"

Bibi alikuwa akinipangusa. Mkono wake ulisimama juu ya paji langu.

"Ukisema si yeye," alisema, "basi bado amepotea."

Asubuhi Babu alikwenda kilimani bila mashahidi. Alimkuta Bwana Utamaduni akisimamia vijana waliochanganya simenti, akamwambia kwamba amelala akafikiri, na lile taya si la baba yake. Bwana Utamaduni akamkumbusha meno. Babu akasema Wajaluo wote wa zamani waling'oa, na Wajaluo wamejaa mpaka Kenya, huyo anaweza kuwa mtoto wa yeyote. Akaulizwa kama ana uhakika, maana simenti ikishakauka hakuna kubadilisha.

"Si yeye," Babu alisema. "Andikeni kwamba hamumjui."

Alirudi na tunda la mwegea begani. Lilizikwa kabla ya mchana, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuongoza, mzee wa kanisa aliongoza wimbo yeye mwenyewe. Baba alifika baadaye na vidonge. Jioni homa ikashuka. Baba mpaka leo anasema ni klorokwini, na mimi nakubaliana naye. Bibi alikuwa na jibu lake, na hakuona haja ya kubishana na vidonge. Babu hakudai lolote. Alikuja akanigusa shingoni kwa nyuma ya mkono wake, akaona nimepoa, akatoka. Tangu siku hiyo sikumwona tena akienda kusimama kwenye yale mawe. Alipita kando yake akienda shambani, akapita akirudi, kama mtu anayekwepa macho ya mwenzake aliyekosana naye.

Aliishi zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, mpaka bidhaa ziliporudi madukani na kila mtu akawa mfanyabiashara, mimi nikiwamo. Nilifungua duka la vitenge pale mtaa wa Mukendo, mjini Musoma. Siku moja akaingia kijana mpole kutoka ofisi ya utamaduni. Aliniambia simenti ya kilimani imepasuka, wanaijenga upya na kuandika kumbukumbu zake, na amesikia kwamba ukoo wetu huenda unamfahamu mmoja wa wale askari. Siku hizi, alisema, hata mashahidi hawahitajiki. Nimtajie jina tu.

Jina ninalijua. Nilikuwa nalo mdomoni. Mimi siamini kwamba shimo humwita mtu, na nilimhurumia yule marehemu aliyelala miaka yote hiyo bila kutajwa. Lakini Babu aliamini. Kwa kuamini kwake alimpata baba yake, akawa naye kwa siku chache tu katika uzee wake, akamtoa ili mimi nipone. Nilimpenda Babu, na sikuwahi kumwambia kwamba usiku ule nilisikia. Nikilitaja jina sasa, nitakuwa nimesema kwamba alimtoa bure.

Nikamwambia kijana kwamba ukoo wetu una mtu mmoja aliyepotea katika vita vile, na kwamba kaburi lake liko nyumbani, Bugwema, akitaka nimpeleke akalione.

"Na huyu wa kilimani?" aliuliza.

"Huyo hatumjui," nikasema.