Biti Isiyomsubiri Mtu

Simu ya msiba ilinikuta asubuhi sokoni Lindi, nimeshika fungu la mihogo nabishana bei. Aliyepiga alikuwa mpiga besi wa bendi moja ndogo ya harusi kule Kilwa Masoko. "Kaka, kiongozi wetu hatunaye tena," akasema. Nikarudisha mihogo ya watu, nikatafuta gari la Kilwa, na baada ya Alasiri tukamzika. Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake silitaji, maana mwenyewe hakutaka. Alikuwa akisema jina likiandikwa gazetini leo, kesho linafungia vitumbua. Ila gitaa lake nitalisema, na zaidi ya gitaa, nitausema ule muziki aliokuwa akiuchagua ili afanyie mazoezi. Msinune, wasomaji wangu, ninajua ninakokwenda.

Marehemu alizaliwa Rutamba, akahamia Kilwa akiwa fundi wa majokofu. Siku za kazi alilehemu mabomba ya friji, siku za harusi aliongoza bendi kwa gitaa la solo. Bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, aliikuta kazini, kwenye nyumba ya wageni, mwenye nyumba ameifungulia kwenye spika. Akazima moto wa kulehemu akasikiliza mpaka mwisho. "Yule bwana analalamika kama shangazi yangu," aliniambia, "lakini kila akimaliza lalamiko anarudi nyumbani, anaanza upya." Na kweli bluzi ndivyo ilivyo. Ni mzunguko unaojirudia, una mahali pa kuondoka na mahali pa kurudi, ndiyo nyumbani kwenyewe, na wapigaji wote hurudi pamoja. Ukiwahi au ukichelewa, umepotea. Marehemu akajifunza, akaamini ameiweza, na bendi yake ikawa inaitikia vizuri tu.

Basi wakaja wanamuziki kutoka Dar, wakapiga kwenye ile nyumba ya wageni, naye akakaribishwa jukwaani pamoja na mpiga besi wake. Katikati ya wimbo akarudi nyumbani kabla ya wenzake. Kijana wa Dar kwenye drams hakumfuata, akaendelea na mwendo wake, na marehemu akabaki anatapatapa mbele za watu mpaka akaacha kupiga. Njiani akawa analaumu drams. Mpiga besi, mtu mpole sana, akashindwa kuvumilia.

"Kiongozi, usiudhike. Sisi huwa tunakufuata."

"Mnanifuata vipi?"

"Nakuangalia mkono. Ukibadilisha, na mimi nabadilisha."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojiunga na bendi."

Hapo ndipo lilipo tatizo letu sisi watu wa pwani hii. Mkubwa hatumkosoi mbele za watu, na wakishaondoka hatumkosoi vilevile. Tunaita heshima, na heshima ni kitu kizuri, lakini ile ilimficha mtu makosa yake mpaka ndevu zikaota mvi. Alifika nyumbani akalirusha gitaa kitandani, akasusa kusema na mpiga besi siku kadhaa. Ila wale wa Dar walikuwa wameahidi kurudi baada ya Idi, na walimwambia aje tena. Masoko si mji mkubwa. Akikosea mara ya pili, hata harusi angezipiga watu wakimhurumia.

Mwenye nyumba ya wageni akamtumia kwenye simu biti za bluzi, yaani muziki uliopigwa vyombo vyote isipokuwa solo, ili mwenye gitaa aweke yake. Nilimtembelea wakati huo. Kwanza alichagua zile zilizojaa kinanda na tarumbeta, kwa sababu humo makosa hayaonekani, sawa na jiwe kwenye wali wa shughuli. Kisha akachagua za mwendo wa kasi, ambamo kosa linapita kabla hujalijua. Mkewe ni mshonaji, cherehani yake iko chumba cha pili, na gitaa hajawahi kulishika maishani.

"Umepotea tena, baba watoto," akasema kutoka kule kule.

"Biti hii mbovu."

"Na ya jana ilikuwa mbovu?"

Mzee akafuta zile zote. Akabakiza moja, ya polepole, drams na besi peke yake, wazi kabisa, kila sauti yako inasikika. Ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. "Hii haina shikamoo," aliniambia. "Haijui mimi ni nani. Nikipotea inaniacha, inakwenda zake." Akaipiga hiyo moja kila jioni, mpaka cherehani ikawa inaendelea mwanzo hadi mwisho, maana mkewe hakusikia tena kosa la kumsimamisha.

Baada ya Idi wageni wakarudi. Nilikuwepo. Alipiga sauti chache, akaacha nafasi, akarudi nyumbani na wenzake kila mzunguko. Hakuna aliyesimama kumshangilia, na nadhani wengi hawakuona kitu cha ajabu. Wimbo ulipokwisha, mpiga besi alimfuata akamshika bega. "Kiongozi, leo sikukuangalia mkono hata mara moja." Nimemwona marehemu akitunzwa fedha harusini mara nyingi, lakini sijamwona akifurahi kama alivyofurahi pale.

Ninawatazama wakubwa wetu, wa ofisini, wa vyama vya korosho, wa kwenye familia, na sisi tunaoandika magazetini. Tumezungukwa na wapiga besi wapole. Tukipotea wanapotea nasi, kisha tunapigiwa makofi. Atakaye kujua kama kazi yake ni nzuri atafute penye biti isiyo na shikamoo, na akiipata asiifute kwa kuwa imemuaibisha. Mimi biti yangu ilikuwa yeye. Kila safu hii ilipotoka alinipigia simu: "Aya ya pili umewahi kurudi nyumbani." Mara nyingi nilichukia, na mara nyingi alikuwa sahihi.

Makala haya nilipoyamaliza nilimpigia mjane wake, nikamsomea. Mahali pa mpiga besi nilikuwa nimeandika kwamba marehemu aliupokea ukweli kwa unyenyekevu. Sauti ya cherehani ikakatika.

"Hapo umepotea, shemeji," akasema. "Alikasirika sana. Gitaa alilirusha kitandani, nikaliokota mimi."

Nikafuta, nikaandika kama mlivyosoma. Kisha nikamuuliza kama wiki ijayo naweza kumsomea tena.

"Piga," akajibu. "Ila sitakusubiri."