Mguu Tuliopaka Poda

Siku mdogo wangu wa kiume aliposaini mkataba wake wa pili wa mpira, ule mnono, shangazi yetu alikuja nyumbani na kopo la poda. Kwetu Lubumbashi mtu akifaulu mtihani wa serikali tunammwagia poda kichwani mpaka awe mweupe hadi kwenye kope, kisha tunamzungusha mtaani kwa kelele. Shangazi hakuimwaga kichwani. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamvua mdogo wangu kiatu, akampaka poda kwenye mguu wa kushoto, kuanzia gotini hadi vidoleni, taratibu, huku akipiga vigelegele. Tulicheka sana. Mama alipiga picha kwa simu. Na mimi, dada mkubwa, nikasema neno ambalo nyumba nzima ililishika tangu siku ile.

"Mudogo, hii muguu njo nyumba yetu. Uichunge."

Sikuona ubaya kumwambia kwamba mguu ule ndio nyumba yetu. Nilijiona nina haki ya kusema, maana mpira wa yule mtoto niliulea mimi. Alipokuwa na miaka saba, mimi ndiye niliyekaa golini, kati ya matofali mawili nyuma ya jiko, nikidaka mpira wa mifuko ya plastiki mpaka viganja vikawaka moto. Kabla ya kupiga alikuwa anashusha bega la kulia kidogo, kama mtu anayetaka kuweka mzigo chini, halafu mpira unatoka mguu wa kushoto. Nililijua bega lile, na bado alinifunga kila siku. Alipokuwa na miaka kumi na minne alikanyaga kipande cha chupa katikati ya mechi. Alininyang'anya kitambaa changu cha kichwa, akafunga unyayo, akarudi uwanjani. Nilimwita mpumbavu mbele ya watu wote. Usiku huo huo niliwasimulia majirani wote jinsi nilivyo na ndugu mwenye roho ngumu.

Ninauza sokoni samaki wakavu wa Kilwa, ile Kilwa yetu ya ziwani. Nasema hivyo ili mtu asidhani mwanamke wa samaki hajui mpira. Ninaujua vizuri, na ninajua lini mchezaji ameshindwa na lini amekataa.

Msimu wa kwanza mdogo wangu alicheza vizuri katika klabu kubwa ya mji. Mshahara ulikuwa wa kawaida, na aliporudi nyumbani alikuwa na michubuko mpaka kwenye nyusi. Ukaja mkataba wa pili na poda yake. Mama akahamia nyumba yenye maji ya bomba. Watoto wa shangazi wakarudi shule. Mimi nikanunua kiwanja Kasungami, pembezoni mwa mji, nikaanza kujenga, na kuta zikafika kwenye linta. Nyumbani kwa mama kikatengwa kigoda chenye mto, cha mguu. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Mtu akipita na sufuria ya maji ya moto, mama alipiga kelele kutoka chumba kingine bila hata kumwona: "Muguu! Uchunge muguu!"

Na kadiri mguu ulivyotunzwa, ndivyo mdogo wangu alivyoanza kutembea uwanjani.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwenye asili ya Kasai, suruali yake ina mkunjo wa pasi hata siku ya mvua. Kila Jumamosi alikuja mezani kwangu, akanusa samaki sita, akanunua mmoja. Yeye ndiye wa kwanza kunitamkia usoni habari ya pesa.

"Mama, ndugu yako, franga ilimuharibu. Ukimulipa muntu sana, anapoteza motivation. C'est normal. Miye nilifundisha miaka na miaka na mushahara ya bure kabisa, lakini nilifundisha bien."

"Ulibafundisha muzuri kabisa, mwalimu," nikamjibu. "Njo maana hakuna hata mumoja alikubali kuwa mwalimu."

Meza za jirani zikacheka. Mwalimu naye akacheka, akachukua samaki wake. Lakini maneno yake yalinikaa kooni wiki nzima, na kila Jumamosi niligombana naye upya. Nilimwambia kocha ndiye mbaya. Nilimwambia nyasi. Nilimwambia malaria. Nilimtetea mdogo wangu mpaka nikaishiwa na magonjwa.

Kisha ikaja mechi dhidi ya wapinzani wetu wa jadi. Mkataba ulikuwa unakwisha na msimu, na klabu ilikuwa haijasema kama itamwongezea. Nyumbani tulifunga siku tatu kuomba. Nilikaa jukwaani upande wa jua, na dakika za mwisho, bila kwa bila, mpira ukadondoka kati yake na beki wao. Ulikuwa wa wote wawili. Mtoto niliyemjua angeuendea kwa kichwa, kwa meno, kwa chochote. Niliona bega linashuka. Halafu niliona mguu wa kushoto unarudi nyuma.

Aliurudisha. Hakuteleza, hakuchelewa. Aliutoa pale kama anayetoa mkono kwenye sufuria ya moto. Beki akaondoka na mpira, na mpira haukusimama mpaka ulipoingia golini kwetu.

Nyuma yangu bwana mmoja mwenye tarumbeta akasimama juu ya benchi. "Iko na voiture, iko na nyumba, muguu ya nini tena!" Watu wakaanza kuimba hayo maneno ya gari na nyumba. Sikugeuka. Kushindwa nakujua, nimekunywa sana kushindwa katika uwanja ule. Hili lilikuwa jambo lingine. Nilijiona mjinga niliyekaa kati ya matofali mawili miaka yote ile kwa ajili ya mtu ambaye siku ya kufa na kupona angeurudisha mguu wake nyuma. Nilihisi nimesalitiwa, na niliona aibu kwamba watu wote walishuhudia.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimkuta kwa mama. Mguu ulikuwa kwenye kigoda, juu ya mto, na mama alikuwa anaupaka mafuta yaliyoombewa kanisani.

"Ulishashiba," nikamwambia hata kabla ya kukaa. "Wakati ulikuwa na njala, ulikuwa nacheza na roho. Sasa franga iko mu mufuko, roho ilikimbia."

"Yaya, acha," akasema; yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Juu ya nini ulirudisha muguu? Bantu bote baliona. Miye niliona!"

Alikuwa anautazama mguu wake mikononi mwa mama kama kitu cha mgeni kilichoachwa pale kwa muda. Baadaye akasema tu, "Niko nachoka, yaya."

"Unachoka na nini? Na kutembea?"

Mama akaniambia nipunguze sauti, mguu usije ukashtuka. Aliposema hivyo hakuna aliyecheka. Niliondoka bila kuonja bukari, ugali wetu, na kwetu mtu anayeondoka wakati bukari iko mezani amesema neno kubwa. Sitaficha kwamba hasira ile ilikuwa na vichwa viwili. Kimoja kilikuwa cha upendo. Kingine kilikuwa kinatazama zile kuta zangu za Kasungami zisizo na bati.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, nilikwenda Kasungami kumfuata fundi wangu wa ujenzi. Jumatatu wachezaji wa klabu hupumzika. Fundi hakuwapo. Mlinzi wa kiwanja cha jirani akaniambia watu wote wako kwenye mpira wao wa kila Jumatatu, nikafuata kelele. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi nyuma ya kichuguu kikubwa, milingoti ya miti, na mvua ilikuwa imeacha tope jekundu lililofika kwenye vifundo vya miguu. Walicheza wafyatua matofali, wabeba makaa, wakulima waliotoka mbali, Mitwaba, kutafuta maisha. Nilisimama kando ya kichuguu nikimtafuta fundi wangu kwa macho.

Kulikuwa na mmoja miguu mitupu, jezi imechanika, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi. Alipokea mpira. Akashusha bega la kulia.

Kama kuna mtu duniani anayelijua bega lile, ni mimi. Mpira ukatoka kushoto, ukapita watu wawili, naye akaufuata akipiga kelele, akateleza kwa makalio, akainuka, akaupata tena. Aligombea mpira wa kurusha ambao haukuwa na maana yoyote. Alimshika mwamuzi mkono akiapa kwa mama yetu. Alianguka, akacheka kifudifudi ndani ya tope. Kwa muda mfupi nilifurahi mpaka macho yakalowa. Nilimwona yule wa kitambaa na kipande cha chupa.

Halafu furaha ikageuka ndani yangu. Kwa hiyo roho anayo! Haikukimbia, haikushiba. Mwalimu alikosea, na kukosea kwake kuliniuma kuliko kama angepatia. Kama pesa ingekuwa imeiua roho ya ndugu yangu, ningeilaumu pesa. Lakini roho ilikuwa nzima, na yeye alikuwa anaibeba kila Jumatatu kuileta huku bure, kwa watu wasiojua hata yeye ni nani, kisha siku ya mechi anatuletea sisi makombo. Mbele ya uwanja mzima nilikuwa nimeimbiwa. Sokoni nilikuwa nimemzulia malaria.

Nikaanza kutembea kuelekea uwanjani. Nia yangu ilikuwa kumvua ile kofia mbele ya wote.

Nilikuwa hatua chache kutoka kwenye mstari mpira ulipodondoka kati yake na mfyatua matofali mmoja, jamaa mwenye kifua kipana na mapaja ya kubebea gari. Ulikuwa mpira ule ule. Wa wote wawili. Jamaa alikuja mbio. Mdogo wangu hakurudi nyuma hata kidogo. Aliupeleka mguu wa kushoto, mguu wetu, mzima mzima.

"Muguu! Chunga muguu!"

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka kabla sijaijua, ile ile ya mama, ikapita uwanja mzima.

Aligeuka, akaniona. Mguu ukarudi. Mpira ukapita, jamaa naye akapita, na mdogo wangu akainama kuukagua ugoko wake ambao hakuna mtu aliyeugusa. Akatoka uwanjani akichechemea. Aliketi chini ya kichuguu, akavua kofia mwenyewe. Nikasimama mbele yake, na yale matusi niliyoyapanga njiani sikuyapata.

"Njo kusema huku uko nacheza," nikasema mwishowe. "Na kule, kwenye banakulipa, uko natembea."

"Kule siko peke," akasema. "Iko mama, iko shangazi na batoto yake, iko nyumba yako. Bote muko mu hii muguu. Nikitaka kuingia mu mpira, ninabasikia. Huku nilikuwa mi peke yangu."

"Ungesema. Miye niko yaya yako."

"Ningekuambia nini?" Alikuwa anafuta tope kidole kwa kidole. "Ulisema nini sasa hivi, pale?"

Akavaa viatu vyake, akaniambia tukionana kwa mama nisiseme kitu, akaondoka kwa njia ya nyuma.

Sijamsamehe kabisa, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Aliniacha nipigane na soko zima kwa ajili yake ilhali alijua ukweli uko wapi. Ndugu hafanyi hivyo. Yeye naye, nadhani, hajanisamehe, na tunaamkiana vizuri sana.

Klabu ilimwongezea mkataba. Walisema amekomaa, ana busara, hajeruhiwi ovyo. Shangazi akaja na kopo lake. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumpokonya na kummwagia ndugu yangu poda kichwani, kama mtu mzima aliyefaulu, lakini nilipogeuka alikuwa ameshavua kiatu na kuuweka mguu kwenye kigoda. Aliusogeza kabla ya kuambiwa. Mama alitoa simu yake.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Kasungami kusimamia upigaji wa bati. Mafundi walipoanza kugonga, niliwaacha, nikaenda hadi kwenye kichuguu. Nilijificha vizuri nyuma yake na kujifunga kitenge mdomoni, kwa sababu sikuuamini tena mdomo wangu. Nilisubiri sana. Yule mfyatua matofali mwenye kifua kipana akaniona, akanijia taratibu, akanisalimu kwa heshima.

"Mama, ule muntu wa kofia, si ni muntu yako? Jumatatu tatu zilishapita bila yeye kuja. Leo atakuja?"

Nilifungua kitenge. Nikamwambia sijui.

Alitazama barabara, halafu akawatazama wenzake waliokuwa wamesimama kwenye tope wakimngoja. Nyuma yetu nyundo zilikuwa zinagonga bati langu.

"Haya," akasema. "Tuko kumi tu." Akarudi, na wakaanza.